Jina la Kwanza

Miaka tisa nimepanda miamba hii ya Saksonia
kamba ikitoka juu yangu,
ikinivuta kiunoni kidogo
kama mama amvutavyo mtoto sokoni.
Miaka tisa, katika kila kitabu cha kileleni,
jina langu la pili:
Gundula Petzold, kisha Reimar.
Leo kamba inaanzia kwangu na kuning'inia chini.
Juu yangu hakuna kitu. Mawingu mawili. Kunguru, labda.

Tulisubiri siku mbili jiwe likauke,
maana mwamba wa mchanga ukilowa
humeguka kama biskuti kwenye chai.
Na huku hatutii chuma ufani.
Ni vitanzi vya kamba tu, kila kimoja na fundo lake,
fundo unalisukuma kwa kijiti mpaka liume,
na ukilichagua vizuri, litakaa.
"Nisipolichagua vizuri?"
"Utajua," alisema Gundula, akaendelea kumenya yai.

Mtangulia kisimani hunywa maji maenge.
Mtangulia mwambani hunywa mate yake,
nayo yaliniishia mita ya nne.

Fundo la kwanza lilikuwa dogo, kama kokwa ya tende.
Nikalitia, nikalivuta, nikalisifu.
La pili, kama ngumi ya kitoto,
nilihangaika nalo hadi goti la kushoto
likawa cherehani,
linashona, linashona, na nguo hakuna.
"Kisigino, Reimar! Shusha kisigino!"
Nikashusha. Goti likanyamaza.
Nikabaki mimi kutetemeka.

Hapo ufa ukafunga mdomo.
Njia ikageuka kulia, hatua tano,
juu ya ukingo mwembamba kama ulimi wa kiatu.
Mimi hutengeneza miwani mjini Pirna,
vidole vyangu vinajua skrubu ndogo kuliko ufuta,
lakini sijawahi kuangalia kitu kwa karibu hivi:
chembe ya mchanga, upande mmoja waridi, upande mmoja kijivu,
na mdudu mwekundu akipita juu yake,
hana kamba, hana haraka.
Kule chini treni ya Praha ilifuata mto.
Watu walikuwa wanakunywa kahawa humo ndani.
Niliwachukia wote.

Kurudi? Ngoma ya kushuka
nilishaisikia ikipigwa kifuani.

Sikuamua. Mguu uliamua,
mwingine ukaufuata kwa aibu,
mkono ukakuta nundu, nene, ya kirafiki,
nikaivika kitanzi kama anayemvika bibi harusi shanga,
na yaliyobaki siyakumbuki,
ila harufu ya misonobari, na sanduku la bati,
na sauti yangu ikiita "Nimefika!"
imepasuka kama ya kijana wa miaka kumi na minne.

Gundula alikawia.
Fundo la pili lilimkatalia robo saa,
nilimsikia akilitukana kwa lahaja ya bibi yake.
Alipoketi, akalitupa mapajani mwangu.
"Hili lingeshika lori la matofali."
Kisha akatoa mfukoni lile dogo, la kokwa.
"Na hili sikulitoa. Nililiokota kwenye majani
hata kabla sijaanza kupanda."
"Uliliona likianguka?"
"Nililiona."
"Nikiwa wapi?"
"Ukihangaika na la pili."
"Hukusema neno."
"Ningesema, ungefanya nini?"

Upepo ukapekua kurasa kabla yetu.
Nikashika penseli, na sasa ndipo mkono ulipotetemeka,
R ikatoka kama goti lililokunjwa.
Angeniletea mteja mwandiko huo
ningempima macho bila malipo.
Kisha Gundula akaandika jina lake, chini ya langu,
kwa herufi zake nadhifu,
akaliangalia kwa muda,
kichwa upande,
kama mtu aliyevaa kiatu kipya
na bado hajasimama.